Alizeti za Vincent, kwa macho ya mtu aliyekulia Singida

Mtu akikutajia Vincent van Gogh, yule mchoraji, sentensi inayofuata lazima iwe sikio. Alijikata sikio, alikuwa chizi, hakuuza picha, akafa maskini, basi, halafu wakishamaliza hapo ndo wanageukia zile alizeti zake na kuanza kutafuta uchizi humo ndani, eti angalia zinavyojikunja, angalia hiyo njano, huyu mtu hakuwa sawa. Mimi hiyo stori imenichosha. Zile alizeti alizichora Agosti 1888, sikio lilikuwa usiku wa tarehe 23 Desemba, miezi minne mbele, na Agosti ile jamaa alikuwa kwenye kipindi cha raha ambacho hakukipata mara nyingi maishani. Alikuwa anasubiri mgeni.

Naomba mnivumilie niielezee hii picha kwa njia yangu, maana sijasomea sanaa, mimi nimekulia kwenye alizeti. Singida ukitoka Manyoni ukaingia Ikungi huko, mwezi wa tatu wa nne ni njano mpaka macho yanachoka, wasafiri wanasimamisha magari wanapiga selfi shambani kwa watu bila hata kuomba, afu mbele kidogo barabarani mafuta yamepangwa kwenye madumu ya njano yanang'aa na jua. Kwa hiyo ua hili kwangu halijawahi kuwa ua. Ni ada ya shule, ni mashudu ya ng'ombe, ni mafuta ya kupikia, ni kukaa chini ya mti na fimbo unapiga vichwa vilivyokauka mbegu zidondoke kwenye turubai huku vumbi linakuwasha shingo nzima. Kumweka alizeti kwenye chombo mezani eti apendezeshe nyumba, kwetu hiyo haipo. Ndo maana picha ilinishika, sababu huyu mzungu alichora mazao.

Turudi kwa mgeni. Vincent alikuwa Mholanzi, mtoto wa mchungaji, kazaliwa 1853, na Februari 1888 alishuka Arles kusini mwa Ufaransa akitokea Paris, kakuta theluji, lakini kichwani ana mpango kwamba huku kwenye jua wachoraji watakaa nyumba moja, watapika pamoja, watagawana gharama na kufundishana. Mei akapanga upande mmoja wa nyumba iliyopakwa njano kwa nje, vyumba vinne, viwili chini viwili juu. Hela ya pango na ya kula na ya rangi ilikuwa inatoka kwa mdogo wake Theo, ambaye alikuwa anauza picha za watu Paris, yaani mdogo ndo anamlea mkubwa, na Vincent hilo lilikuwa linamuuma sana, ukisoma barua zake kila ukurasa wa pili kuna hesabu za hela na kuomba radhi.

Mgeni mwenyewe ni mchoraji mwenzake, Paul Gauguin. Yuko Brittany huko kaskazini magharibi, anaumwa, madeni yamemjaa, kila barua anasema nakuja, haji. Na Vincent huku anaandaa. Sasa sikilizeni anavyoandaa, maana hapa ndo nilipompenda huyu mtu. Theo alipotuma faranga 300 Septemba, Vincent alikwenda kununua vitanda viwili na viti 12. Viti 12, wakazi wawili! Na vile vitanda, cha mgeni kilikuwa cha mbao ya mjozi, cha kwake mwenyewe cha mbao ya kawaida tu. Hilo nani atahitaji kufafanuliwa? Mgeni analala kwenye godoro zuri na shuka mpya, wewe utajua utakapojibanza. Na ukutani kwenye chumba hicho cha mgeni ndo alitaka kuweka alizeti.

Hizo alizeti alianza nazo hata kabla ya vitanda. Agosti alimwandikia Theo kwamba anachora kwa hamu ile ya mtu wa Marseille anayekula supu yao ya samaki, na kwamba kila asubuhi anaanza kazi jua linapochomoza, sababu maua yanawahi kunyauka na kitu chenyewe inabidi kimalizwe kwa mkupuo mmoja. Alikuwa anawaza picha kama dazeni nzima, zote alizeti, bluu na njano nyumba nzima. Akaanza na maua matatu chomboni, akaja na nyingine ya maua sita, hiyo ya maua sita tumeshaikosa maana iliungua Ashiya kule Japani mwaka 1945 kwenye mabomu ya vita, akaja ile kubwa yenye ukuta wa feruzi ambayo sasa iko Munich, halafu akafunga na ile ya njano juu ya njano ambayo iko National Gallery, jumba la picha la London. Zote nne ndani ya siku chache za Agosti ile ile. Baada ya hapo maua yakaisha, msimu umepita, dazeni haikufika.

Hii ya London ndo nataka tuiangalie. Nilibahatika kwenda London kwa mambo ya kazi na kiingilio pale ni bure, unaingia tu wanakagua begi, kwa hiyo nilirudi tena na tena, mpaka mlinzi mmoja akaanza kunisalimia kwa kichwa. Picha siyo kubwa hivyo, ni sentimita 92 kwa 73, iko nyuma ya kioo, na mbele yake muda wote kuna watu wameipa mgongo wanajipiga picha. Ukitaka kuiona vizuri simama pembeni kabisa, upande upande, usisimame mbele. Ukisimama pembeni mwanga unagonga rangi kwa ubavu na hapo unaona kitu ambacho kalenda na kikombe na ile picha ya kwenye simu havijawahi kukuonyesha, kwamba rangi ina mwili. Kwenye vichwa vya mbegu amechota rangi nene akaigonga gonga, tone juu ya tone, mpaka imesimama, ina ncha, ina mashimo, inafanana na ugali ulioganda kwenye mwiko. Kwenye petali ameburuza brashi mara moja, kila petali mburuzo mmoja au miwili, hakurudia, na alama za nywele za brashi bado zimo. Halafu ule ukuta wa nyuma ambao kwa mbali unaonekana mtupu, kumbe kaupaka kwa mistari mifupi inayopishana, ya kwenda chini na ya kwenda pembeni, imesukwa.

Kivuli hakuna. Hilo lilinichukua muda kuliona. Chombo kimekaa mezani lakini hakina kivuli hata kidogo, meza ni utepe wa njano iliyoiva, ukuta ni njano iliyopauka, katikati kuna kamstari kembamba ka bluu kanatenganisha, basi, hiyo ndo nyumba yote. Vincent alikuwa mpenzi mkubwa wa picha za Kijapani za kuchapa kwa mbao, zile zisizohangaika na vivuli, na hapa zinaonekana. Na chombo chenyewe ni mtungi wa kawaida wa watu wa vijijini kule, wa udongo, nusu umeng'arishwa nusu haujang'arishwa, na ameucheza vizuri sana, kwamba nusu ya juu ya mtungi ni njano nzito iliyokaa mbele ya ukuta mwepesi, nusu ya chini ni njano nyepesi iliyokaa kwenye meza nzito, vimebadilishana. Kwenye tumbo la mtungi kaandika jina lake kwa bluu, Vincent, jina la kwanza tu. Hakuwa anasaini kila picha. Hii aliisaini.

Kuhusu idadi ya maua, kuna ubishi wa kipuuzi ambao mimi naupenda. Yeye kwenye barua kaandika 14. Watu wengine wakihesabu wanapata 15. Inategemea kile kichwa kilichojificha nyuma unakipa haki yake au hukipi.

Sasa macho ya Singida. Alizeti ikiwa changa inafuata jua, asubuhi imeangalia mashariki jioni imegeukia magharibi, lakini ikikomaa shingo inakaza na inabaki imeangalia mashariki, haizunguki tena, afu mbegu zikijaa kichwa kinakuwa kizito kinainama, petali zinasinyaa zinadondoka, mgongo wa kichwa unaacha kijani unaingia njano unaishia kahawia, na hapo ndo unajua kuvuna kumekaribia na ndege nao wameshajua kabla yako. Mkulima akiangalia shamba anasoma hizo hatua bila kufikiria. Na ndani ya mtungi wa Vincent zimo zote! Kuna ambayo petali zake bado zimenyooka na zinawaka, kuna ambayo petali zimelegea zinaning'inia upande, kuna ambayo zimebaki chache zimejikunja ncha, kuna ambayo hazina kabisa limebaki lile kombe la kijani lenye ncha ncha limeshika mbegu, na kuna ambayo shingo imeshavunjika kwa uzito imeangalia chini. Mtu anayetaka maua ya kupendezesha angechagua zilizochanua siku moja. Huyu kaweka ukoo mzima, bibi na mjukuu chombo kimoja.

Halafu kuna vile vyenye manyoya. Ukiangalia vichwa kadhaa humo, havina lile duara la mbegu katikati, vimejaa petali fupi fupi tupu, vinafura. Nilikuwa navihesabu kama vichwa vilivyokomaa mpaka siku nilipomwonyesha mama kwenye simu. Mama kaikuza kwa vidole, kaangalia, kaniambia, "Mwanangu, hizi siyo zetu. Hii hapa haijakomaa wala nini, imezaliwa hivi hivi." Nikamwambia mama si ni mchoro, labda kachora anavyojisikia. Akasema anayechora hizi nyingine sawa sawa namna hii, na hii kaiona. Na kweli bwana, mwaka 2012 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walichapisha utafiti wa vinasaba wakaonyesha kwamba ni aina ya alizeti yenye badiliko kwenye jini moja, vile viua vidogo vya katikati ambavyo vingekuwa mbegu vinaota petali badala yake. Mama hajasoma huo utafiti na sijui kama angeusoma, ila alifika kwa njia yake. Mama pia aliuliza zinatoa mafuta kiasi gani hizo, nikashindwa kumjibu.

Kwa hiyo hoja kwamba jamaa alikuwa anachora ndoto na uchizi inaanguka hapo hapo. Huyu alikuwa ameangalia. Alichokiongeza yeye ni mwendo, ule mkono unaokimbia. Na mkono unakimbia sababu ua linakufa mezani, siyo sababu akili imeruka. Alizeti ukiikata, mchana mmoja wa joto unaimaliza, na Arles Agosti ni joto.

Ili uone ninachosema, pale pale National Gallery kuna picha nyingine ya maua, ya Mholanzi mwenzake aliyemtangulia, Jan van Huysum, maua kwenye chombo cha udongo mwekundu, na ina tarehe mbili, 1736 na 1737. Ni mbili sababu alikuwa anasubiri. Waridi lina msimu wake, ua lingine lina msimu wake, yeye anakaa mpaka lichanue ndo achore, mwaka unapinduka, na mwisho unapata chombo chenye maua ambayo kiuhalisia hayawezi kukutana siku moja. Na ni kazi ya ajabu, sitaki kuidharau, kuna matone ya maji kwenye majani unataka uyafute, kuna wadudu, kuna kiota chenye mayai, na alama ya brashi huioni popote, laini kama hakuna mtu aliyeichora. Lakini nikiri tu kwamba naiangalia na kuondoka. Nimestaajabu, nimeridhika, nimeenda. Ile ya Vincent naona alipokosea, naona alipoharakisha, naona pale alipochovya brashi upya, na ndo inayonirudisha.

Rangi nayo ina habari yake. Alimwandikia mchoraji mwenzake mmoja wa Uholanzi kwamba picha za alizeti amezichora kwa njano tatu za kromu, na njano ya udongo, na kijani kimoja, basi. Ule mstari wa bluu na jina lake hakuvitaja, lakini tumsamehe. Njano ya kromu inatengenezwa kwa madini ya risasi na ya kromu, na kromu yenyewe ilikuwa haijulikani mpaka 1797 Mfaransa Vauquelin alipoigundua, kwa hiyo Van Huysum hata angetaka njano ile angeipata wapi. Na tyubu ya rangi, ile ya bati unayominya, ilipewa hataza 1841 tu, kabla ya hapo rangi ya mafuta ilikuwa inasagwa na kufungwa kwenye vibofu vya nguruwe, utamwaga saa ngapi rangi nene namna hiyo alfajiri peke yako? Vincent aliagiza tyubu kubwa kubwa kupitia Theo, anaminya, anapaka, anaagiza tena. Ukiwaza kwamba kila tone nene pale ni hela ya mdogo wake, unaelewa kwa nini zile barua zimejaa hesabu.

Tatizo ni kwamba baadhi ya aina za hiyo njano zikipigwa mwanga miaka mingi zinageuka, zinaingia ukahawia. Wameipima sana picha ya Amsterdam, nakala aliyoichora baadaye, kwa mionzi, na mwaka 2019 Van Gogh Museum wakaamua ile yao haisafiri tena kwenda popote. Kwa hiyo njano tunayoiona sisi, siyo ile iliyokuwa ukutani Arles. Ilikuwa kali zaidi. Mimi nikifumba macho nikakumbuka shamba la Ikungi saa nne asubuhi naamini najua ilikuwaje, ila hiyo siwezi kumthibitishia mtu.

Kuhusu wale waliomwagia supu, niipite haraka: Oktoba 2022 wasichana wawili wa kupinga mafuta ya petroli waliirushia supu ya nyanya hii hii ya London, kioo kikaiokoa, fremu ndo ikachubuka, na Septemba 2024 wengine wakarudia. Picha ilipona zote mbili. Kila mtu ana maoni yake na yangu hayana faida kwenye makala hii.

Gauguin alifika tarehe 23 Oktoba, alfajiri. Akalala kwenye kitanda cha mjozi, akaamka akaangaliana na alizeti. Na alizipenda kweli, hilo lazima tumpe, maana Novemba Vincent anamsimulia Theo kwamba Gauguin alishaona alizeti za mchoraji Claude Monet kwenye chombo kikubwa cha Kijapani, nzuri sana, lakini anaona hizi za Vincent zinazidi. Na Vincent anaongeza hapo hapo kwamba yeye hakubaliani na hilo. Za Monet zipo, ni za 1881, ziko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na kwa heshima zote mimi niko upande wa Gauguin. Zile za Monet zinapendeza. Zina upepo. Lakini ni maua ya sebuleni, hamna kichwa kinachokomaa mle.

Ukaaji wao ulidumu miezi miwili. Wawili wabishi, chumba kimoja cha kazi, mvua, hela kidogo, mmoja anaongea usiku kucha mwingine anataka kimya, na mwisho ndo ule usiku wa Desemba ambao watu wote wanaujua kuliko wanavyozijua picha. Gauguin akarudi Paris. Ninachokipenda mimi ni kilichofuata. Januari 1889 Gauguin anaandika barua, anaomba apewe ile alizeti ya njano juu ya njano! Mgeni ameondoka vile, afu anataka pambo la chumbani. Vincent akachukia, akamwambia Theo hapewi, halafu hasira zikapungua akaamua atachora nakala. Hapo ndo tukapata ya Amsterdam, iliyofuata hii ya London, na ya Philadelphia, iliyofuata ya Munich. Kuna na nakala nyingine ya hii ya London, ile ambayo Machi 30, 1987, siku aliyozaliwa Vincent, iliuzwa kwenye mnada wa Christie's kwa pauni zaidi ya milioni 24 na kampuni moja ya bima ya Kijapani ikaibeba mpaka Tokyo. Wakati ule hakuna mchoro uliowahi kufika hapo kwa mnada.

Hii ya asili ilibaki kwenye familia. Vincent alifariki Julai 1890, Theo naye miezi sita baadaye, na mzigo wote, mamia ya picha ambazo hakuna aliyekuwa anazitaka na maboksi ya barua, ukamwangukia mjane wa Theo, Johanna, mwenye mtoto wa mwaka mmoja mkononi. Watu wanamsahau huyu mama. Ndiye aliyezizungusha picha kwenye maonyesho, akachapisha barua 1914, akauza kwa mahesabu, moja moja, na zile bora akazishikilia. Waingereza walipoitaka alizeti 1924, kwa hela iliyotolewa na tajiri wa viwanda vya nguo Samuel Courtauld, kwanza alikataa. Aliishi nayo zaidi ya miaka thelathini, anaiona kila siku. Baadaye akakubali, akisema ni kujitoa kwa ajili ya sifa ya Vincent. Mimi kila nikisoma habari za thamani ya mamilioni namfikiria yeye, alivyoitoa ukutani akaacha misumari.

Na Vincent mwenyewe alikuwa na wazo jingine kabisa la wapi zikae. Mwaka 1889, chumba cha mgeni hakina tena mgeni, alimchorea Theo kwenye barua mpangilio wa picha tatu: katikati mama mmoja wa pale Arles, Augustine Roulin, mke wa mfanyakazi wa posta, ameshika kamba ya kubembelezea kitanda cha mtoto, na kulia na kushoto kwake alizeti. Alisema anawaza ikae kwenye kichumba cha boti ya wavuvi, watu wakiwa baharini usiku wajisikie wanabembelezwa. Wavuvi! Siyo benki. Mpangilio huo National Gallery waliutundika kwenye maonyesho yao ya 2024, mama Roulin katikati, alizeti ya London upande mmoja na ya Philadelphia upande wa pili, na ya Philadelphia ilikuwa haijawahi kuazimwa tangu iingie kule.

Ukizilinganisha hizo mbili, na hata kwa picha nzuri za kwenye tovuti zao unaweza, ikuze mpaka mwisho, unaona tofauti ya Agosti na Januari. Ile ya Januari mistari imenyooka zaidi, kila petali ina mpaka wake, rangi zimepangwa, mkono umetulia, ni mtu mwenye uzoefu anarudia kazi anayoijua. Alizeti Januari hakuna, alikuwa anaangalia picha yake mwenyewe. Wataalamu wengine wanaipenda hiyo zaidi, wanasema imekomaa. Mimi nachukua ya Agosti, na sababu yangu ukiitaka iko chini kushoto, kile kichwa kinachoning'inia nje ya mtungi: nenda kaangalie petali zake alizipaka kwa haraka gani.